Baba ana miaka 76, valvu ya moyo imebana. Hospitali gani wanabadilisha bila kupasua kifua?

MtotoWaHombolo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wanajamvi.

Naandika nikiwa nimekaa nje ya duka la dawa hapa Makole, bahasha ya majibu ya baba iko mapajani na sielewi hata nusu yake. Nitajieleza kwa kirefu, mnivumilie.

Baba ni mkulima wa zabibu Hombolo. Mavuno ya Agosti alikuwa anatoa kreti shambani kuzipeleka barabarani, kama alivyofanya miaka yote. Kreti ya tatu akaiweka chini, akasema macho yanaingia giza, akaanguka palepale kati ya mistari. Akazinduka baada ya muda mfupi akawa anatucheka kwamba tumekusanyika kama msibani. Tukasema jua. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakasema presha, akapewa vidonge.

Wiki tatu baadaye akaanguka tena, safari hii akiwa anapanda kile kilima kidogo cha kwenda kanisani, hana mzigo wowote. Hapo ndipo mdogo wangu akasema huyu mzee tumpeleke Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Wakamsikiliza kifua, daktari akaita mwenzake naye asikilize, kisha wakampiga eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Tukaambiwa valvu ya aota imebana sana, dawa haiwezi kuifungua, inatakiwa kubadilishwa. Njia ziko mbili: kufungua kifua, au kupitisha valvu mpya kwenye mshipa wa paja. Tumepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar.

Sasa nyumbani kumechafuka. Kaka yuko Mwanza, ametuma kwenye kundi la familia orodha ya hospitali za Marekani zinazofanya hiyo ya paja, anasema tuuze shamba. Shangazi anasema shamba la marehemu babu haliuzwi. Baba mwenyewe kasema hapasuliwi kifua kama mbuzi wa Krismasi, na hiyo ya paja akaishika hapohapo: "Hiyo nakubali, hata kesho."

Kwa anayejua: hospitali gani wanafanya, na nianzie wapi?

---

Nzuguni_Boy

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

---

AfyaSafari_Wakala

Habari ndugu. Valvu bila kupasuliwa tunafanikisha, siku 5 mgonjwa anarudi nyumbani. Hospitali za nje zenye hadhi. Milioni 3 tu za awali kufungua faili. Njoo PM na pasipoti ya mgonjwa.

---

Fundi_Eko

Wakala, mgonjwa ana valvu gani na eneo lake limebaki kiasi gani? Umeuliza pasipoti kabla ya kuuliza majibu.

Mwanzisha uzi, usiende PM ya mtu. Kazi yangu ni kupima eko. Fungua hiyo bahasha, funika jina la mzee, uniandikie hapa vitu vitatu: eneo la valvu, kasi ya damu, na wastani wa tofauti ya presha.

---

MtotoWaHombolo

Asante mkuu. Eneo imeandikwa 0.7 cm². Kasi 4.6 m/s. Wastani 52 mmHg. Halafu kuna neno la kalsiamu nyingi.

---

Fundi_Eko

Sawa. Ngoja nikupe kwa lugha ya shambani.

Valvu ya aota ni mlango wa kutokea. Damu yote ya kwenda mwilini, kichwani hadi kidole cha mguu, inapita hapo. Mtu mzima mwenye afya mlango huo ukifunguka unakuwa na eneo la 3 hadi 4 cm². Ukishuka chini ya 1 tunasema umebana vibaya. Baba amebaki na 0.7.

Ile kasi ndiyo watu hawaielewi, wanadhani damu kwenda mbio ni dalili nzuri. Chukua mpira wa kumwagilia, ziba mdomo wake kwa kidole gumba: maji yanaruka mbali kwa sababu tundu limekuwa dogo. Ndiyo hiyo 4.6. Kuanzia 4 ni mbaya. Na ile 52 ni nguvu ya ziada ambayo moyo unatumia kila pigo kusukuma damu ipite hapo. Kuanzia 40 ni mbaya. Namba zote tatu zimekubaliana, kwa hiyo hapa sioni haja ya kubishana na majibu.

Kwa nini ameanguka? Akibeba kreti misuli inadai damu zaidi. Moyo unataka kuongeza, mlango unakataa. Ubongo unakosa, taa zinazimika. Jua lilikuwepo miaka yote 76 na hakuanguka.

Kalsiamu: mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Angalia ndani ya birika lako la chai, ile chokaa ngumu nyeupe. Vile vipande vitatu vya valvu vinatakiwa kuwa laini kama ngozi nyembamba, kwa uzee vinajengeka chokaa hivyohivyo mpaka haviinuki.

---

SistaMstaafu

Mwanangu, mimi ni nesi mstaafu, naishi Kongwa. Miaka yangu mingi nimeimaliza wodi ya moyo. Fundi amesema vizuri, mimi niongeze la haraka kabla hamjafika kwenye hospitali.

Kwanza, baba aache kubeba. Sisemi apunguze, aache. Asipande kilima kwa kasi, asikae na kiu juani. Na vile vidonge vya presha alivyopewa zahanati mvipeleke kwa daktari wa moyo avione, kwa sababu valvu ikibana hivyo baadhi ya dawa za kushusha presha zikitolewa bila uangalizi zinaweza kumwangusha tena.

Pili, msikae na rufaa kabatini. Mtu aliyeanza kuzimia kwa valvu ya aota hana muda wa kungoja kikao cha ukoo cha Pasaka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa PARTNER. Walichukua wagonjwa ambao madaktari wa upasuaji walisema kifua chao hakifunguliki. Walioendelea na dawa na huduma za kawaida, nusu walikuwa wamekufa ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa valvu kwa kupitia mshipa, waliofariki walikuwa karibu theluthi moja tu. Hao walikuwa wagonjwa wa hali mbaya, baba yako pengine ana nguvu kuliko wao, ila ujue dawa haiyeyushi chokaa.

---

Nzuguni_Boy

Sista shikamoo. Hiyo ya paja inafanyikaje hasa? Wengine tunaona kama chai, valvu ipite pajani ifike moyoni?

---

SistaMstaafu

Marahaba. Si chai. Kwa kifupi wanaiita TAVI, Wamarekani wanasema TAVR, ni kitu kilekile. Aliyeanza ni daktari Mfaransa, Alain Cribier, mjini Rouen, Aprili 2002. Mgonjwa alikuwa mtu wa miaka 57, moyo umechoka kabisa, hakuna aliyethubutu kumpasua. Wakati ule wakubwa wa fani walimwona Cribier kama anaota.

Valvu mpya inashonwa ndani ya kitu kama kizimba cha waya. Inaminywa mpaka inakuwa nyembamba, inapita ndani ya mrija wa unene wa penseli hivi. Mrija unaingilia mshipa mkubwa wa kwenye nyonga, unapanda na mshipa mkuu, unapinda juu ya moyo, unashuka hadi kwenye mlango wenyewe. Pale wanaifungua, valvu ya zamani inasukumwa pembeni ukutani, inabaki humohumo. Haitolewi.

Wapo wanaotumia puto kuifungua. Sasa fikiria, moyo unadunda na wewe unataka kuweka kitu sehemu moja bila kuteleza. Wanaupigisha moyo haraka sana kwa umeme, hata mapigo 180 au 200 kwa dakika, kwa sekunde chache tu. Kwa kasi hiyo moyo hausukumi damu, unatetemeka tu, nao wanajaza puto hapo. Wakimaliza wanauacha urudi. Aina nyingine ya kizimba ni ya nitinoli, mchanganyiko wa metali, inajitanua yenyewe ikipata joto la mwili, haihitaji puto la kuifungua.

---

Mtz_Delhi

Niko India kikazi mwaka wa sita. Mama mkwe amefanyiwa huku, miaka 79. Hakulazwa usingizi mzito, alichomwa ganzi nyongani na dawa ya kumtuliza. Katikati ya kazi akamwuliza nesi kwa Kiswahili kama wameshamaliza maana anataka chai. Nesi haelewi, anacheka tu. Siku ya pili akatembezwa koridoni, ya nne tukatoka. Alama aliyobaki nayo ni kovu dogo nyongani ambalo anamwonyesha kila mgeni wa kike anayekuja nyumbani.

Ila tusidanganyane. Siku ile ya pili usiku mapigo yake yalishuka hadi 38. Nyaya za umeme wa moyo zinapita karibu sana na hiyo valvu, kizimba kikitanuka kinaweza kuzibana. Kidogo awekewe betri ya moyo, kile kifaa cha kuongoza mapigo. Ilirudi yenyewe, lakini tuliambiwa mapema kwamba hilo linatokea, pamoja na kiharusi, kuvuja damu nyongani, na damu kupenya pembeni mwa valvu mpya isipokaa sawasawa. Mtu akikwambia haina hatari, huyo anauza.

---

DadaWaBahi

Samahani kwa kuingilia uzi wa mwenzangu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23, naye ameambiwa valvu imebana. Anaishiwa pumzi hata akifua, usiku analala amekaa. Naomba kujua hii ya paja inamfaa? Tumeshaanza kuchanga.

---

Fundi_Eko

Dada, kwenye majibu yake imeandikwa aota, au maitro, ule mlango wa ndani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo?

---

DadaWaBahi

Maitro.

---

SistaMstaafu

Pole binti. Nilijua kabla hujajibu, kwa umri wake.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitaandika taratibu. Ugonjwa wa baba wa Hombolo ni wa uzee, chokaa. Ugonjwa wa mdogo wako karibu hakika ulianzia kooni, utotoni. Mtoto anaumwa koo, vidudu vya streptokoka, hatibiwi vizuri, baada ya wiki mbili tatu viungo vinavimba, magoti leo, kesho viwiko. Watu wanasema anakua. Ile ni homa ya baridi yabisi. Inapita, lakini mwili ulioamka kupigana na vidudu unaishia kushambulia valvu zake wenyewe, zinashikana polepole, miaka 10 au 15 baadaye binti anashindwa kufua. Uliza nyumbani kama aliwahi kuvimba viungo akiwa darasa la tatu, la nne.

Hii TAVI siyo yake. Imetengenezwa kwa mlango wa aota wenye chokaa, kizimba kinashika kwenye ile chokaa. Mlango wa maitro uko sehemu nyingine na una umbo jingine. Tena valvu ya nyama ya mnyama, kama hii ya TAVI, hudumu kama miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huisha mapema zaidi. Kwa mzee wa miaka 76 inatosha. Kwa binti wa miaka 23 maana yake ni kurudi mezani tena na tena.

Lakini usikate tamaa, maana yeye ana kitu chake na ni rahisi zaidi: puto. Alikianzisha Mjapani, Kanji Inoue, mwaka 1982. Wanapitia paja hilohilo lakini kwenye mshipa wa damu inayorudi moyoni, wanatoboa ukuta mwembamba kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, puto linakaa katikati ya valvu iliyoshikana, linajazwa, mshono unaachia. Hakuna valvu mpya inayowekwa. Hii JKCI wanaifanya, huna haja ya pasipoti.

Masharti yapo. Valvu iwe bado laini kiasi, isiwe inavujisha sana, na kusiwe na bonge la damu lililoganda chumba cha juu kushoto. Hilo la mwisho wanaliangalia kwa eko ya kumeza, kipimo kinashushwa kooni. Haipendezi lakini ni dakika chache.

---

DadaWaBahi

Aliwahi kuvimba magoti! Mama amethibitisha sasa hivi. Tulimpaka mafuta ya kondoo.

---

SistaMstaafu

Ndiyo hiyo. Msijilaumu, wodi yangu ilijaa watoto waliopakwa mafuta ya kondoo. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 anachomwa? Kama hachomwi, mwulize daktari wake kesho, si keshokutwa. Inazuia homa ile kurudi na kumalizia valvu. Na kama ana mchumba na mipango ya mtoto, amwambie daktari sasa, kabla ya mimba. Mimba inauongezea moyo kazi nusu yake tena.

---

MamaZabibu_Mpunguzi

Mimi nina valvu ya chuma ya maitro, nilifunguliwa kifua. Nasikia inalia tik tik usiku kukiwa kimya, mume wangu anasema amelala na saa ya ukutani.

Kwa mnaosema kifua ni kibaya na paja ni zuri: mfupa wa kifua uliuma wiki sita, sikuweza kujifunga kanga mwenyewe. Uliisha. Kisichoisha ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kila siku kidonge, kila mwezi kipimo cha INR cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, yangu inatakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka damu inaganda kwenye chuma, ikipanda navuja fizi.

Na nyie watu wa Dodoma mniambie, mtu ataachaje mlenda? Mwaka wa kwanza mvua zikashuka, Januari mlenda umejaa kila mahali, nikala mchana na usiku na ugali wa uwele. Nikapimwa INR: 1.4. Daktari kijana akanigombeza, akasema mboga za majani zinaipunguza nguvu warfarini, niache zote. Nikalia. Kliniki iliyofuata nesi mtu mzima akanivuta pembeni: "Mama, usiache. Kula kiasi kilekile kila siku, masika na kiangazi, dawa tutaipanga ifuate mlenda wako." Sasa nina kikombe changu cha bati. Masika naweka mbichi kikombe kimoja, kiangazi nina wa unga uliokaushwa, kijiko changu kinajulikana. INR imetulia mwaka wa tatu huu.

---

Mrangi_Kondoa

Assalaam alaykum. Hongera mama kwa kikombe 😀

Swali langu linaweza kuonekana dogo. Nimesikia valvu hizi zinatengenezwa kwa nguruwe. Baba mdogo ameambiwa na yeye ana aota. Tukifika hapo tunasemaje?

---

Mtz_Delhi

Waalaykum salaam. Si dogo, huku India wanaulizwa kila siku, Waislamu kuhusu nguruwe na Wahindu kuhusu ng'ombe.

Ziko za aina zote mbili. Kinachotumika ni ule utando unaozunguka moyo wa mnyama, unasafishwa na kutibiwa kwa kemikali. Valvu ya puto ya Kimarekani iitwayo Sapien ni ya ng'ombe. Ya kujitanua, Evolut, ni ya nguruwe. Myval inayotengenezwa hapa India, Gujarat, nayo ni ya ng'ombe. Daktari anachagua kwa vipimo vya mgonjwa, lakini mseme mapema ili alijue wakati wa kupanga. Wapo masheikh wanaoruhusu kwa dharura ya maisha, mwulizeni wa kwenu.

---

Nzuguni_Boy

Mgogo kuwekewa ng'ombe moyoni, hapo mzee wa Hombolo atasema ameongezewa mahari.

---

MtotoWaHombolo

😂 Nimemsomea, kacheka mpaka nikamwambia aache asije akaanguka.

Turudi kwenye hospitali. Kaka amekazana na orodha yake. Ameweka Cleveland Clinic juu kabisa.

---

Mtz_Delhi

Cleveland Clinic ni kweli wanafanya na ni wakubwa, hakuna ubishi. Rouen wanafanya, Leipzig Ujerumani wanafanya, Afrika Kusini wanafanya, Misri wanafanya. Huku India Medanta, Fortis Escorts, Apollo Chennai wote wanafanya. Orodha siyo tatizo, hata wakala wa juu pale anayo.

Tatizo ni kwamba orodha haimjui baba yako. Marekani valvu yenyewe, bila kitanda wala daktari, imekuwa ikiuzwa karibu dola 30,000. Uza Hombolo nzima. India ni nafuu kwa sababu wanatengeneza zao.

Ukifika hatua ya kuchagua, usiulize "mnafanya?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza: mwaka jana mmefanya ngapi, wangapi walipata kiharusi, wangapi waliwekewa betri. Marekani bima ya serikali ya wazee iliweka masharti mwaka 2019: hospitali inayotaka kuendelea kulipwa ilitakiwa kubadilisha valvu za aota angalau 50 kwa mwaka, na ndani yake za njia ya mshipa zisipungue 20. Mkono usiofanya mara kwa mara unasahau. Na uliza kama daktari wa upasuaji wa kifua anakuwepo siku hiyo, kwa sababu mambo yakiharibika ndani ya mshipa ndiye wa kufungua.

---

Fundi_Eko

Nakazia hapo. Halafu kuna jambo linachanganywa kwenye matangazo. "Upasuaji wa tundu dogo" linatumika kwa vitu tofauti. Kuna hii ya mshipa. Kuna ile ya kukata kidogo pembeni kati ya mbavu, au kupasua nusu tu ya mfupa wa kifua: kovu ni dogo kweli, lakini moyo unasimamishwa na mashine inachukua kazi yake. Kuna na kuzibua mishipa ya moyo inayoziba, ambayo haihusiani na valvu kabisa. Mtu anasoma "tundu dogo" anadhani ni kitu kimoja. Mwulize anayekwambia: moyo utasimamishwa au la?

---

BintiMakole

Mimi nathibitisha kuhusu mawakala kwa machungu. Mama mkubwa alikuwa na maitro ya baridi yabisi kama mdogo wa dada wa Bahi. Wakala mmoja, simtaji, akatuahidi valvu bila kupasuliwa. Tukachanga, tukauza na pikipiki. Kufika huko nje daktari akatazama eko dakika tano akasema hii haiwekwi kwa mshipa, lazima afunguliwe, na bei ni nyingine. Mama yuko hotelini nchi ya watu, sisi huku tunapigiana simu usiku kuchangishana upya. Alifunguliwa, mzima mpaka leo. Lakini angeweza kufunguliwa Dar akarudi na treni.

---

AfyaSafari_Wakala

Sio mawakala wote jamani.

---

BintiMakole

Jibu swali la Fundi kwanza.

---

SistaMstaafu

Mtoto wa Hombolo, nianze kufunga mizigo yako. Nenda Dar na rufaa. Watarudia eko, watapiga CT ya kifua hadi nyonga kwa dawa ya kung'arisha mishipa. Hiyo CT ndiyo itakayokata shauri, si kaka wala shangazi: inapima upana wa mlango ili valvu iwe saizi yake, na inaangalia mishipa ya paja kama mrija unapita. Kama mishipa imejikunja au imejaa chokaa, hata huko Cleveland watakwambia njia nyingine. Kabla ya CT wapime figo, ile dawa huzichosha, aende ameshapima kreatinini hapo Mkapa.

Na meno! Jino bovu ni mlango wa vidudu kwenda kukaa kwenye valvu mpya. Yatazamwe mapema.

Umri wake unaegemea paja. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema chini ya miaka 65 waelekee kufungua kifua, zaidi ya 80 waelekee paja, katikati wakae na mgonjwa wajadiliane. Baba yuko katikati, kwa hiyo maoni yake yana uzito. Ila ajue wanaweza kumwambia kifua na wakawa na sababu.

Kuhusu bima: uliza kwa maandishi kama valvu yenyewe imo. Kulazwa na vipimo ni kitu kimoja, kifaa ni kingine.

---

Nzuguni_Boy

Tunasubiri mrejesho mkuu.

---

MtotoWaHombolo

MREJESHO

Wakuu samahani kwa ukimya. Tulikwenda Dar na SGR, nauli 31,000 kwa kichwa, mzee kakaa dirishani tangu Ihumwa anahesabu mashamba ya watu. Kilosa akalala.

Figo tulipima hapa Dodoma kabla, ziko sawa kwa umri wake. Kliniki ya moyo wakarudia eko, namba zilezile, eneo 0.7. CT wakapiga. Meno mawili yameng'olewa, mzee amelalamikia meno kuliko moyo. Daktari akatuonyesha kwenye kioo mishipa ya paja, akasema wa kulia unapita vizuri, wa kushoto umekunjika kama mzabibu usiokatiwa. Hiyo ya mzabibu ni yangu, yeye alisema umejipinda.

Kisha akamgeukia baba, siyo sisi, akamweleza njia zote mbili na hatari za kila moja, betri, kiharusi, yote. Baba akauliza swali moja: valvu ya paja itadumu miaka mingapi? Akajibiwa 10 na zaidi kidogo kama Mungu akipenda. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema 86 inamtosha, aliyebaki atavuna.

Timu yao imekaa, wameafiki ya paja. Valvu inaagizwa kwa kipimo chake, gharama tumepewa kwa karatasi na imegawanywa, kifaa peke yake, huduma peke yake. Kaka wa Mwanza ameitazama ile karatasi akafuta orodha yake kwenye kundi bila kusema neno. Shamba haliuzwi, tumekodisha ekari mbili kwa misimu mitatu na ng'ombe wanne wameondoka. Shangazi ametoa wawili kati yao, yeye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Kwa sasa mzee yuko Hombolo. Kupogoa kumeanza, amewekewa kiti chini ya mkwaju, anaelekeza kwa fimbo. Jana nimemkuta amesimama kashika mkasi, nikamwuliza vipi, akasema mkasi siyo kreti.

---

DadaWaBahi

Hongereni sana. Na sisi tuna tarehe ya eko ya kumeza, Jumatano ijayo. Anaogopa kumeza ule mpira kuliko puto lenyewe.

---

SistaMstaafu

Mwambie asile chochote tangu usiku, apumue kwa pua, na asijaribu kuongea na daktari wakati upo kooni. Wote hujaribu.

---

MamaZabibu_Mpunguzi

Na mchumba wake amsindikize, aone.